Msokoto Unaotunza Spini

Mwaka 1925 vijana wawili wa Leiden, George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit, walieleza kwamba mbali na chaji, elektroni ina spini, inayoifanya iwe sumaku ndogo yenye uelekeo. Haizunguki kama pia ya mtoto; lakini ikiingia kwenye uga wa sumaku, uelekeo wake huyumba kwa duara kama pia inayokaribia kuanguka.

Uga huo utatoka wapi ndani ya fuwele isiyo sumaku? Kaa dirishani kwenye daladala: nguzo za barabarani ndizo zinazokimbia kurudi nyuma. Kwa elektroni iliyo mbioni, chaji za atomu ndizo zinazopita, na chaji ikipita huzaa uga wa sumaku. Ndivyo spini inavyoshikamana na mwendo. Tatizo ni kwamba elektroni hugongwa kila mara, na kila kona mpya huja na uga mpya. Spini zilizoanza zikitazama upande mmoja hutawanyika upesi, na taarifa iliyoandikwa kwa spini hufutika.

Wengi huuona mshikamano huo kuwa adui tu. Mimi nadhani uzuri wake umejificha kwenye matabaka. Mwaka 1970 Leo Esaki na Raphael Tsu walipendekeza supalatisi, yaani semikondakta mbili zinazopokezana tabaka kwa tabaka. Ndani ya chemba iliyonyonywa hewa, vyungu vidogo vya galiamu na aseniki hupashwa moto hadi kutoa mvuke. Kifuniko kikifunguliwa kwa sekunde moja hivi, safu moja ya nanomita 0.28 imeshatandikwa.

Udhibiti huo ni hazina, kwa sababu mishikamano iko miwili. Ule wa Gene Dresselhaus, wa 1955, hutoka kwenye fuwele yenyewe, na unene wa tabaka huamua ukubwa wake. Ule wa Emmanuel Rashba hutokea pande mbili za tabaka zisipolingana, hivyo hurekebishwa kwa kuweka silikoni nyingi upande mmoja kuliko wa pili.

Mwaka 2006 Bernevig, Orenstein na Zhang walikokotoa kwamba miwili hiyo ikilingana nguvu, uga wa kila elektroni hulala kwenye mhimili mmoja. Mtazame sisimizi anayetambaa juu ya uzi mmoja wa kamba iliyosokotwa. Aende mbele, arudi, asimame. Kila akifika alama fulani ya kamba, yuko upande uleule. Spini nayo huwa hivyo: mahali ilipo ndipo panapoamua inakoelekea, hata ingegongwa mara ngapi njiani.

Mwaka 2009 Koralek na wenzake waliuona msokoto huo wa spini kwa leza katika matabaka ya galiamu aseniidi. Spini zilidumu takriban mara 100 zaidi. Kinachobaki kuusumbua ni kipande cha mshikamano wa Dresselhaus kinachokua kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Joto likipanda, kipande hicho hupata nguvu, na msokoto huanza kufumuka.