Kabla hujalipa dipoziti ya duka la pombe, pima umbali

Wengi wetu tunaanza hivi: unatangaza divai na bia WhatsApp, oda zinaongezeka, boda anazunguka mpaka usiku. Sasa unataka chumba mtaani uweke stoki na upate leseni. Kwa wauzaji wa Kenya, hapo ndipo pesa hupotea, kwa sababu leseni haiangalii wewe tu. Inaangalia pia chumba kiko wapi.

Sheria ya kudhibiti pombe ya mwaka 2010, ile watu huita "sheria ya Mututho", inasema leseni mpya ya pombe ya kunywewa hapohapo haitolewi kama mahali hapo pako chini ya mita 300 kutoka shule ya watoto wa chini ya miaka 18. Nasari imo pia. Zaidi ya hapo, kamati lazima iridhike kwamba baa zilizopo hazitoshi mahitaji ya eneo hilo. Kwa hiyo mtaa uliojaa baa nao unaweza kukunyima leseni.

Wewe wa chupa za kubeba, usishangilie bado. Leseni siku hizi ziko mikononi mwa kaunti, na kaunti nyingi zina sheria zake. Na kuuza mtandaoni hakukuondolei haja ya leseni.

Piga hesabu. Chukulia kodi ni 15,000, dipoziti 15,000, rafu 20,000, friji 35,000. Hiyo ni 85,000. Leseni ikikataliwa, friji utaiuza kwa hasara, na dipoziti utaanza kuidai.

Fanya hivi kwanza:

1. Tembea mtaa mzima. Tafuta hata nasari ndogo iliyo ndani ya ploti, isiyo na kibao barabarani.

2. Pima kwa ramani ya simu, mstari ulionyooka na njia ya miguu. Shika ile fupi. Kwa miguu, mita 300 ni kama hatua 400.

3. Nenda ofisi ya leseni ya kaunti ndogo na jina la ploti. Uliza: umbali gani kwa aina ya leseni ninayotaka? Na hapa bado mnatoa mpya?

4. Ongea na majirani mapema. Wana haki ya kupinga ombi lako kwa maandishi.

5. Mwenye nyumba akubali kwa maandishi kurudisha dipoziti leseni ikikataliwa.

Akikwambia "mbona hapo jirani kuna baa?", usibebwe. Huenda ilikuwepo kabla ya shule. Huenda haina leseni kabisa.

Jambo la mwisho: mwaka 2025 serikali ilitoa sera inayopendekeza kupiga marufuku pombe ya mtandaoni na ya kupelekewa nyumbani. Sera si sheria, lakini usiweke mtaji wote hapo.

Unamjua anayetafuta chumba wiki hii? Mtumie hii kabla hajalipa.