Nani anunue waya wa klachi?

Katika wilaya za milimani kusini mwa Tanzania, kama Makete na Ludewa, bwana shamba, bwana mifugo na mtoa chanjo hawawezi kungoja gari. Wanavifikia vijiji vingi kwa pikipiki za njia mbovu: Yamaha AG100, DT125, Honda XR na nyinginezo. Pikipiki hiyo ni chombo cha kazi, sawa na cherehani kiwandani. Lakini waya wake ukikatika, si ajabu kumwona mtumishi akitoa fedha mfukoni mwake, kisha akazungushwa na risiti mkononi.

Waya haukatiki ghafla. Ndani ya ganda lake mna nyuzi nyembamba zilizosokotwa, nazo hukatika mmoja mmoja, hasa karibu na kile kichwa cha risasi kwenye mkono wa klachi, mahali unapopinda kila mara. Funua kifuniko cha mpira utazame. Ukiona uzi mmoja umesimama kama mwiba, waya huo umekwisha. Usingoje uzi wa pili. Klachi ikiwa nzito bila sababu, huenda ganda limepasuka na kuingiza maji na vumbi. Na eksileta ikikataa kurudi yenyewe ukiiachia, usiondoke kituoni. Kwenye mteremko hilo ni jambo la roho.

Kununua nako kuna hila. Muuza duka atakupa waya wa pikipiki ya mjini na kukuapia kwamba ni ule ule. Pikipiki za porini zina usukani mpana na shokapu ndefu, kwa hiyo waya mfupi huvutika unapokata kona. Nenda dukani na waya wa zamani, ulinganishe urefu wa ganda, na pia urefu wa waya unaotokeza nje ya ganda. Kabla ya kuuchomoa wa zamani, funga mpya kwenye ncha yake kwa uzi, uuvute ufuate njia ile ile, usije ukagusa bomba la moshi au kubanwa kwenye shingo ya usukani. Halafu washa injini bila kupiga resi, zungusha usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia. Mlio ukipanda, kazi haijaisha.

Wenye AG100 wana jambo la zaidi. Injini yake huchanganya oili na petroli, na kiasi cha oili kinachotolewa na pampu hudhibitiwa na waya unaotoka kwenye eksileta. Fundi akibadili waya huo bila kurekebisha pampu, oili hupungua na pistoni hukwama.

Kwenye mipira hatari ni kubwa zaidi, maana mpira huozea ndani. XR125L ina breki ya diski mbele, inayosukumwa na mafuta ya breki. Mpira wake ukiwa na nyufa, ukivimba unapobana breki, au ukitoa unyevu kwenye maungio, ubadilishwe pamoja na vile viwasha vya shaba, kisha hewa yote itolewe. Yamaha huagiza mipira ya breki ibadilishwe kila baada ya miaka 4, na mafuta yake kila miaka 2, hata kama pikipiki imetembea kidogo. Mpira wa petroli usiwekwe kwenye breki hata kwa siku moja. Wala mpira wa maji wa bustani usiwekwe kwenye petroli: hukakamaa, hupasuka, na injini ya moto iko chini yake.

Sasa turudi kwenye fedha. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 1981, unasema katika ibara ya 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003. Waya wa klachi ni bei ndogo, na ndiyo sababu wakubwa huona mtumishi anaweza kuubeba. Mguu uliovunjika hauna bei ndogo.

Tawi linaloandaa madai ya vipuri liandike hivi kwa kila pikipiki: waya mmoja wa klachi na mmoja wa eksileta viwe akiba kituoni, mpira wa breki kwa tarehe yake, na daftari ambamo mwendeshaji ataandika kasoro na msimamizi atatia sahihi siku ile ile.