Blu*3, wasichana watatu waliodumu baada ya shindano

Hapa Masisi ukitaja neno "kundi", watu hufikiri kwanza wenye bunduki. Kuna makundi ya aina nyingine pia, na moja lililowafungulia njia wasichana wa ukanda huu lilizaliwa kwa jirani, Kampala. Liliitwa Blu*3.

Mwaka 2004, shindano la Coca-Cola Popstars lilitafuta sauti mpya Kenya, Tanzania na Uganda, na kila nchi ikatoa kundi lake. Kenya ilipata Sema, Tanzania Wakilisha. Uganda ilitoa wasichana watupu: Jackie Chandiru, Lillian Mbabazi na Cinderella Sanyu, maarufu kama Cindy. Korea Kusini ilikuwa imeshaona jambo la namna hiyo mwaka 1997, kampuni ya SM Entertainment ilipowaunganisha wasichana watatu wa S.E.S.

Kundi linalozaliwa hivyo mara nyingi huwa na maisha ya soda iliyofunguliwa. Sema na Wakilisha zilivunjika mapema. Blu*3 waliendelea, na wimbo wao "Hitaji" ukavuka mipaka ya Uganda.

Sisi Wakongomani tumezoea mwanamke mmoja mbele ya orkestra ya wanaume, kama M'bilia Bel alivyosimama katika Afrisa International ya Tabu Ley. Tshala Muana na Abeti Masikini walibeba majina yao wenyewe. Wasichana watatu wanaogawana sauti na dansi, bila mwanaume katikati, lilikuwa jambo jingine.

Cindy aliondoka mwaka 2008, Mya Baganda akachukua nafasi yake. Bado walitoa "Where You Are" pamoja na Radio na Weasel kabla ya kila mmoja kushika njia yake. Lillian aliendelea jukwaani na bendi. Jackie, mwenye asili ya West Nile, mkoa unaopakana na Ituri yetu, alivuma na "Golddigger". Baadaye alieleza hadharani mapambano yake na dawa za kulevya, jambo ambalo wasanii wengi huficha. Cindy alifikia kuongoza chama cha wanamuziki wa Uganda.

Masisi haikosi sauti. Kwaya za makanisa zimejaa wasichana wanaojua kugawana sauti tangu utotoni. Lakini anayetaka kurekodi wimbo sharti ashuke Goma, na barabara ya Sake si kila siku inapitika.