Wenye 'mipaka myembamba' husumbuliwa zaidi na majinamizi

KIGALI. Kwa wafanyabiashara wa kanda hii, Gikondo ni maghala ya forodha ya MAGERWA na viwanja vya maonyesho ya biashara. Kwa wenyeji ni pia mahali pa kumbukumbu nzito. Aprili 9, 1994, watu zaidi ya 100 waliokimbilia kanisa la mapadri Wapalotini waliuawa humo.

Uchunguzi wa afya ya akili uliofanyika Rwanda mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 3.6 ya wananchi walikuwa na maradhi yatokanayo na kiwewe. Miongoni mwa manusura wa mauaji ya kimbari, kiwango kilikuwa asilimia 27.9. Majinamizi ni moja ya dalili kuu za maradhi hayo.

Hata hivyo, si kila aliyeona balaa huota vibaya, na wapo wanaoota vibaya bila kuona balaa. Daktari wa akili wa Marekani, Ernest Hartmann, aliyeandika kitabu kuhusu majinamizi mwaka 1984, alisema tofauti iko katika tabia. Mwenye mipaka minene huacha ya kazini kazini. Mwenye mipaka myembamba huguswa upesi, hubeba huzuni ya mwenzake kama yake, na mara nyingi ni mtu wa sanaa. Usiku, ya mchana humwingia kama mzigo uliovuka bila kukaguliwa. Watafiti wengine wanataja pia tabia ya kuwa na wasiwasi kila wakati. Huo si uchawi wala woga.

Kwa anayelala ndani ya lori huku akiwaza mkopo, hasara ni kubwa: asiyelala vizuri husinzia kwenye usukani na kukosea hesabu. Pombe haisaidii. Hupunguza ndoto usiku wa manane, kisha hurudi kwa nguvu kuelekea alfajiri.

Ipo tiba isiyo na dawa. Mtu huandika jinamizi lake mchana, hubadilisha kisa apendavyo, kisha hukipitia kisa kipya akilini kwa dakika 10 hadi 20 kila siku. Utafiti ulioongozwa na Barry Krakow, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha kuwa njia hiyo ilipunguza majinamizi kwa wanawake waliowahi kubakwa.

Ambaye ndoto humrudisha kwenye tukio la kweli, au humwachia hofu hata mchana, asijitibu peke yake. Hospitali za wilaya nchini Rwanda zina huduma ya afya ya akili, na hospitali ya Ndera, Kigali, hupokea wagonjwa wanaohitaji matibabu zaidi.