Shimo Jeusi na Galaksi Yake

"Shimo jeusi" ni tafsiri ya istilahi ya Kiingereza iliyoenea baada ya mwanafizikia John Wheeler kuitumia mwaka 1967; na kila asikiaye neno shimo hudhani ya kuwa kazi yake ni kumeza tu. Lakini katika maisha ya galaksi, yaani jamii kubwa ya nyota, lenye athari kubwa zaidi si lile limezwalo, bali lile litupwalo nje.

Kilichokwisha kumezwa hakirudi. Gesi iliyo njiani kuingia ndiyo izungukayo kwa kasi, ikapata moto na kung'aa, na sehemu ya nguvu yake hurushwa mbali kwa mikondo miwili.

Mfano ulio wazi ni galaksi NGC 1275, iliyo katikati ya kundi la galaksi liitwalo Perseus, umbali wa miaka ya nuru ipatayo milioni 240. Baina ya galaksi hizo imetanda gesi yenye joto la makumi ya milioni ya digrii. Nyota haizaliwi ila gesi ipoe na kujikusanya, kama vile mafuta ya nazi yasivyoganda ila kwa baridi ya kipupwe. Kwa hesabu, gesi ya katikati ya Perseus ingalikwisha kupoa zamani na kuzaa nyota tele. Nayo imezaa chache tu. Darubini ya Chandra, iliyorushwa mwaka 1999, ilionyesha wazi mapovu makubwa ambayo mikondo ya shimo imeyapuliza ndani ya gesi hiyo. Mwaka 2003 yakatangazwa na mawimbi yatokayo humo, mawimbi ya sauti khasa, ya noti iliyo okteva 57 chini ya do ya kati ya piano. Nguvu hiyo yakadiriwa kutosha kuirudishia gesi joto ilipotezalo. Mvukuto lingekuwa jina la karibu zaidi kuliko shimo, ingawa mvukuto wa mhunzi huwasha, na huu huzuia kuwaka.

Mwaka 2000 makundi mawili ya wanafalaki yalitangaza ya kuwa shimo likiwa zito zaidi, nyota za kiini cha galaksi yake huenda mbio zaidi, hata zilizo mbali mno na mvuto wa shimo hilo. Wengine huona hapo kazi ya mikondo na pepo za gesi. Wengine husema galaksi zikiungana mara nyingi, mashimo na nyota hukua kwa kadiri moja. Hoja hiyo haijakatwa.