Vipanga wa Kijivu wa Omurushaka

Atembeaye Omurushaka, zinakoanzia njia za kwenda Nkwenda na hatimaye Murongo mpakani mwa Uganda, hakosi kumwona mwewe akizunguka angani, na ndege huyo, kwa mkia wake wenye panda na mdomo wake wa manjano, hamsumbui mtu kumtambua. Taabu huanza pale ndege wa kijivu, kimo chake kama njiwa, apitapo kasi kati ya migomba na mibuni, akapanda mkaratusi, akajibana kwenye shina, na wenye kibanja wakapiga kelele "Kipanga!" huku wakiviswaga vifaranga ndani. Jina hilo moja limewakusanya ndege wasiopungua wanne, ambao mtazamaji mwenye darubini na subira aweza kuwapambanua, iwapo ajua mahali pa kutazama.

Rangi ya mgongo haisaidii kitu, maana wote ni wa kijivu na wote wana mistari ya kukingama tumboni. Wala ukubwa si hoja ya kutegemewa, kwa kuwa katika jamaa hii aghalabu jike humzidi dume kwa umbo, hata dume wa aina moja akakaribiana na jike wa aina iliyo ndogo kwake. Mashahidi wa kweli ni koo, macho, miguu na ile sehemu ya mgongo inayokutana na mkia, nayo hii ya mwisho huonekana vyema ndege anapotupa kisogo na kukimbia, yaani wakati ule ule ambapo wengi huishusha darubini.

Shikra na gabar ndio wakanganyao zaidi. Shikra aliyekomaa ana jicho jekundu, miguu ya manjano, na kifua chenye mistari myembamba ya rangi ya kutu. Akikupa mgongo, kijivu chake hushuka mpaka mkiani pasipo kukatika. Gabar ana koo na kifua vya kijivu kitupu, mistari ikianzia tumboni. Miguu yake ni myekundu, na juu ya mkia ana utepe mweupe mpana usiofichika arukapo. Hata hivyo wako gabar weusi tititi, na hao utepe huo hawana. Tabia yake moja ni ya ajabu: ajengapo kiota huleta utando wa buibui pamoja na buibui wenyewe, nao huendelea kufuma mpaka vijiti vyote vikafunikwa shuka ya kijivu, yamkini kwa ajili ya kukisetiri. Na kiota cha mnana hukichana kwa makucha ili ayatoe makinda.

Wa tatu, alaye mijusi na panzi zaidi kuliko ndege, ni mnene na mtulivu; koo lake jeupe limepigwa mstari mmoja mweusi wa wima, na mkia wake mweusi una ukanda mweupe mmoja, mara chache miwili. Huyu akihukumiwa kwa kosa la vifaranga, amedhulumiwa. Wa nne ni mdogo mno, uzito wake hauzidi sana gramu 100, na juu ya mkia wake yako madoa mawili meupe.

Emin Pasha, aliyeasisi kituo cha Bukoba mwaka 1890, alikuwa mkusanyaji mashuhuri wa ndege, na katika zama zake shaka iliondolewa kwa bunduki: ndege alipigwa, akachunwa, na ngozi ikapelekwa makumbusho ya Ulaya. Siku hizi vinasaba vimesema ambayo ngozi hazikuyasema. Shikra, aliyehesabiwa kwa miaka mingi katika jenasi ya Accipiter, mwaka 2024 alihamishiwa Tachyspiza, baada ya kubainika kwamba kundi lile la zamani lilichanganya matawi yasiyo ya asili moja. Ilhali gabar yuko peke yake katika Micronisus, na ndugu zake wa karibu ni vipanga wa nyika wenye miguu mirefu. Kufanana kwao basi si kwa nasaba. Yaelekea ni kwa maisha ya namna moja, ya kuvizia mawindo katikati ya matawi.

Hadhari kubwa zaidi yawahusu wachanga. Shikra mchanga ni wa kahawia, mwenye madoa na michirizi kifuani, na kooni ana mstari wa wima, ule ule wa mla mijusi. Lakini jicho lake bado ni la manjano, ilhali la mla mijusi ni la wekundu uliokoza, na kifua cha huyo mla mijusi ni cha kijivu safi. Gabar mchanga naye ni wa kahawia, ila utepe mweupe juu ya mkia anao tangu aanzapo kuruka.