Breko ya Sato ni Isich

Wasee wa Nai wakilamba salo, akili huenda Fraide usiku: ngoma, nyama choma, alafu Sato yote ni hangova. So beste yangu, yule tumekua na yeye Buru tangu primo, alipopata salo yake ya kwanza, nilidhani form ni hiyo tu. Akanishtua na simu: "Buda, Fraide lala mapema. Sato tunaenda kumanga breko Isich. Mi ndio nasimamia."

Na huyo jamaa ako mbele ya wengi. Klabu hamwezi bonga, mnapigiana tu nduru kwa maskio. Breko inataka mtu mnaskizana. Nani ataamka saa kumi na mbili Sato juu ya msee hajali?

Kuna wenye breko ya kuomoka ni Westi. Sibishi, huko viti ni laini na mapicha zinatoka safi. Lakini uletewe mikate mbili zimepakwa ovakado, ile tu mama mboga wa kwetu anauza mbao, alafu bili isome ngiri na kitu? Hapana tambua.

Isich unadandia mathree ya 6 ama 9 ukiwa tao. Asubuhi hivyo mamall bado zimefungwa, mikokoteni ndio zinatawala barabara, lakini hoteli zimejaa tangu wazee watoke swala ya alfajiri. Mtaa ilichangamka hivi miaka ya 90, Somalia ilipochafuka na watu wakakuja na mtaji yao. Garissa Lodge ilikuwa mahali pa kulala wageni; vyumba zikageuka maduka, na mamall zingine zikafuata. Na watu wakihama, jikoni pia inahama nao.

Mnaosha mikono kwa sinki, mnakaa, weita anataja menyu kwa mdomo kama konkodi anaita stage. Tukasema anjera na maini, na suqaar kando. Anjera ni nyepesi, iko na matundu juu, na kauchachu flani juu unga imelala ikichacha. Maini imekatwa ndogo ndogo, imekaangwa na kitunguu na hoho. Unararua anjera na mkono wa kulia, unachota, unafunga. Suqaar ni mtindo huo huo, ila ni nyama. Alafu kuna ndizi. Usiiweke ya mwisho ati ni matunda, imange pamoja na nyama. Beste aliniangalia kama nimerukwa. Ndizi yake iliisha kabla ya yangu.

Chai ndio ilitukalisha hapo mpaka saa nne. Tuliitisha ya maziwa ya ngamia: iliki, mdalasini, na nyuma ya hizo zote ladha ya moshi. Usidhani mpishi ameunguza. Wafugaji hufukiza vyombo vya maziwa na moshi ya miti flani ndio isiharibike haraka. Na inatoka mbali, yani Isiolo, zaidi ya kilomita 250. Huko akina mama wa ushirika wa Anolei wanakusanya maziwa kwa wafugaji, inapakiwa gari, inashushwa Isich. Kuna wasee wa Buru hawajawahi safiri hivyo.

Kwa hiyo chai ndio stori zilitoka. Bosi wake mpya, mathe yake mwenye anataka tangi ya maji ocha, loni ya simu yenye alikuwa ananificha. Miaka zote tumekunywa na yeye usiku, hizo hajawahi zitoa.

Bili ilikuja na ngiri haikuisha. Meza ya jirani wazee wawili walikuwa wanapigania kulipa, noti zinasukumwa huku na kule, mpaka weita akanyakua yenye ilikuwa karibu. Sisi hatukupigania kitu, si nilikuwa nimeahidiwa?

Ukipanga kwenda, fika kabla ya saa tatu. Ukichelewa utaambiwa maini imeisha, ngoja wali.